Mama mkwe anataka kumzoesha mtoto wangu karanga Krismasi hii

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi saba. Tunaishi Pasua hapa Moshi. Mume wangu ni fundi magari, mimi nashona nguo. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu amani imetoweka na chanzo chake ni karanga. Najua kuna watakaocheka.

Mtoto alipofikisha mwaka, kliniki walisema uzito umesimama, nimwongezee karanga kwenye uji. Nikanunua unga wa lishe kwa mama mmoja pale Mbuyuni, ule wa kuchanganya mahindi, ulezi, mchele, soya, ngano na karanga. Alikula vijiko viwili akakataa, akaanza kujikuna mdomo, baadaye vipele vikamtoka kidevuni na shingoni. Nikajua ni joto, maana ngozi yake ni ya shida tangu mchanga. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti inakauka na kuwasha, anajikuna hadi damu. Ule unga nikaacha kumpa kwa kuwa hakuupenda.

Mwezi uliopita baba yake akarudi jioni na kashata za karanga, zile za kijiwe cha kahawa. Akamvunjia kipande kama ukucha hivi. Mimi nilikuwa mlangoni namenya ndizi. Sufuria hata sijaibandika nikasikia mtoto anakohoa. Kugeuka, masikio mekundu, mdomo wa juu umevimba hadi umepinda, anajikuna tumbo kwa mikono miwili. Akatapika. Alipolia, sauti ikatoka ya kukwaruza, si yake kabisa. Jirani akaja mbio na kikombe cha maziwa, akamnywesha kwa nguvu eti yanaua sumu, mtoto akapaliwa na hayo maziwa. Tukapanda bodaboda hadi zahanati. Walimchoma sindano, sijui ya nini, vipele vikaanza kushuka. Baada ya kama nusu saa wakasema ni aleji, asile karanga tena, wakatupa Piriton ya maji tukaondoka. Usiku vipele vikarudi, nikampa Piriton, akalala usingizi mzito mpaka nikawa namshikashika kuona kama anapumua.

Tangu hapo kila mtu ana lake. Mume wangu anasema mtoto alipaliwa tu na kashata, mimi nakuza mambo. Jirani anasema zile karanga zilikuwa na sumukuvu. Mama mkwe yuko Kibosho. Alipopigiwa simu alisema yeye kalea watoto saba kwa karanga na hakuna aliyedhurika, na mtoto anayeogopeshwa chakula huwa mlegevu. Krismasi tunatakiwa kupanda kwao wiki mbili. Ameshasema kwa kinywa chake kwamba atamzoesha mwenyewe, atamlambisha kidogo kidogo kila siku mpaka mwili ukubali. Mume wangu ananiambia, "Mama ni mama, huwezi kumfundisha kulea." Nikamjibu basi mimi siendi. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Hofu imenishika, Shangazi. Nimeacha kumpa mayai, maziwa ya ng'ombe na samaki, ambavyo zamani alikula vizuri. Hata maharage nimeacha, nilisikia ni ndugu wa karanga. Sasa anakula wali, ndizi na chai ya rangi. Kliniki juzi uzito umeshuka. Bado ananyonya usiku, na mimi nimeacha karanga. Je, harufu ya karanga zikipikwa inaweza kumdhuru? Kuna kipimo? Na huyu mama mkwe nimwambie nini bila kuvunja nyumba yangu?

Mama wa Pasua

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Kabla ya kuanza kujibu barua nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, kwa hiyo nitaanza na ya hospitali. Ya ukwe yanafuata.

Ulichoeleza ni mzio wa karanga, yaani hiyo aleji, na ule wa jioni ya kashata ulikuwa mkali. Daktari ndiye wa kuthibitisha, ila ushahidi umeuandika mwenyewe. Unga wa Mbuyuni ulikuwa na vitu sita, mtu angeweza kubisha ni kipi kilichomdhuru. Kashata ina karanga na sukari, pengine na hiliki. Halafu angalia zile dalili: ngozi, tumbo na njia ya hewa kwa mpigo, dakika chache baada ya kula. Vingekuwa vipele peke yake ningekuwa mtulivu zaidi. Kikohozi na ile sauti ya kukwaruza maana yake koo lilikuwa linavimba kwa ndani, mahali ambapo huwezi kupaona.

Mume wako anasema alipaliwa. Mtoto aliyepaliwa hukohoa, hutoa macho, na kitu kikiziba sawasawa hata sauti haitoki. Lakini hatoki vipele, na masikio hayawi mekundu. Kukwamwa na kashata hakumfanyi mtu ajikune tumbo. (Kipande cha kashata hakikumfaa hata kama asingekuwa na mzio. Karanga nzima au iliyovunjwa huziba njia ya hewa ya mtoto mdogo, na wataalamu wengi husema asipewe mpaka afike miaka mitano hivi.)

Jirani naye hajatunga, sumukuvu ipo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na kinachoumia ni ini: mtu anatapika, tumbo linavimba, macho yanakuwa ya njano, na humchukua siku kadhaa. Haivimbishi mdomo kabla sufuria haijabandikwa. Na baba yake alizila kashata zilezile, au sivyo? Akaamka salama akaenda gereji.

Kinachotokea ni hiki. Mwili wa mtoto umeitambua protini ya karanga kama adui na kuitengenezea kingamwili. Kila inapoingia, kemikali zinamwagwa kwenye damu, na hizo ndizo zinazovimbisha, zinazowasha na zinazobana kifua. Uji wa Mbuyuni ulikuwa taarifa, kashata ikathibitisha. Mara ya tatu itakuwaje, hakuna anayeweza kukuambia. Inaweza kuwa nyepesi kuliko hizo, inaweza kuwa nzito kuliko zote, na wingi wa alichokula hautakupa jibu. Ndiyo maana katika barua yako yote kilichonitisha zaidi ni ile safari ya Krismasi. Kashata ilikuwa bahati mbaya. Kumlambisha kila siku ni mpango.

Sasa nimtendee haki mama mkwe wako, kwa sababu hoja yake ina mzizi. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto 640 waliofuatiliwa tangu wakiwa na miezi kati ya 4 na 11, wote wa ngozi kama ya mwanao au wenye mzio wa yai. Waliolishwa karanga mara kwa mara hadi umri wa miaka mitano walipata mzio wa karanga kwa kiwango kidogo sana kuliko walionyimwa; pungufu ilikuwa karibu asilimia 80. Kwa hiyo bibi aliyewachanganyia watoto wake saba karanga mapema huenda aliwakinga bila kujua. Mwambie hivyo, na umwambie kwa heshima, ni kweli na atafurahi kusikia.

Lakini watoto ambao ngozi yao ilionyesha tayari mzio mkubwa kwenye kipimo hawakuingizwa kwenye ule utafiti. Kukinga ni kabla. Wa kwako ameshavuka. Matibabu ya kumzoesha mtoto kidogo kidogo yapo, na Marekani waliidhinisha mwaka 2020 dawa ya unga wa karanga kwa kazi hiyo. Dozi zake huanzia kwenye miligramu, kila dozi mpya hutolewa mbele ya daktari huku adrenalini ikiwa tayari, na hata hivyo wapo watoto wanaopata mzio katikati ya matibabu. Kidole cha bibi hakina vipimo vya miligramu, na jikoni kwake hakuna adrenalini.

Hiyo adrenalini ndiyo neno ninalotaka ulijue wewe, baba yake, dada wa kazi kama yupo, na huyo jirani wa maziwa. Mzio ukishika koo au kifua, au mtoto akipauka na kulegea, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, kwa kipimo cha uzito wake. Piriton hupunguza muwasho tu. Haifungui koo, na ule usingizi uliokutia hofu ni kazi yake. Mtoto aliyelala kwa dawa huwezi kujua kama amelegea kwa mzio. Sindano za haidrokotisoni ambazo wengi huchomwa huchukua saa nyingi kufanya kazi, hazifai kuwa za kwanza. Kwa hiyo rudi zahanati ile, kwa upole, uulize walimchoma nini na waandike kwenye kadi. Na nusu saa ilikuwa fupi mno. Mzio wakati mwingine hurudi baada ya saa kadhaa, kama vile vipele vya usiku, na mtoto aliyekohoa na kubadilika sauti anatakiwa aangaliwe kituoni kwa saa kadhaa.

Uliza tena, leo akiwa mzima: adrenalini mnayo? Usiku anakuwepo nani wa kuchoma? Kama jibu ni la kusuasua, jua mapema kwamba siku ikifika hupitii hapo, unakwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC moja kwa moja. Zile kalamu za kujichoma adrenalini zinazotumiwa Ulaya usizitegemee kuzikuta duka la dawa la mtaani. Daktari akiona inafaa, mzungumze naye namna ya kuwa na dawa karibu na nani afundishwe.

Ikitokea, mtoe kilichobaki mdomoni na muondoke. Usimtapishe. Usimpe maziwa, wala maji ya mkaa, wala mafuta. Hiyo ya maziwa kuua sumu imeshika sana kwetu, na mtoto ambaye koo linaziba ukimmiminia maziwa unampa njia nyingine ya kukosa hewa. Akipumua kwa shida mwache akae. Akilegea mlaze, miguu iwe juu. Akitapika, alale ubavu. Usimbebe wima begani akiwa amelegea, damu inashuka miguuni na moyo unakosa cha kusukuma. Kwa sababu hiyo tafuta bajaji au gari badala ya bodaboda, hata kama itachelewa dakika mbili tatu. Weka namba ya dereva anayelala karibu na kwenu. Na mkifika usiseme "ana vipele," utaambiwa kaa foleni. Sema: "Ana mzio wa karanga, anakohoa, sauti imebadilika."

Haya, Kibosho.

Anayetakiwa kuzungumza na mama ni mwanawe. Wewe ukisema ni mkwe anayemfundisha mama kulea, yeye akisema ni mtoto anayemweleza mama yake yaliyotokea. Na alikuwepo, aliisikia ile sauti. Nadhani pia unajua kwa nini anang'ang'ania kupaliwa. Mwanamume aliyemvunjia mtoto kashata kwa mkono wake mwenyewe ana sababu ya kutamani iwe kitu kingine. Hakukosea, hakuna aliyejua. Mwambie hilo kwanza, siku moja mkiwa wawili, kabla hujamtaja mama yake. Halafu nenda naye kwa daktari. Yapo maneno ambayo mume hayasikii kwa mkewe hata yakirudiwa mwezi mzima, na akiyasikia kwa mtu aliyevaa koti jeupe anayabeba mpaka nyumbani kama yake. Inakera, lakini itumie.

Na daktari akiuliza nani kwenye ukoo ana pumu au mafua ya vumbi, jibuni kwa utulivu. Ikionekana ni upande wa mume, usije ukaligeuza fimbo.

Bibi mpe kazi. Mtu mzima aliyenyang'anywa mjukuu atatafuta njia ya kuthibitisha kwamba yuko sahihi, aliyekabidhiwa atamlinda. Mume wako amwambie, "Mama, huyu kule juu atakula kwa mkono wako tu. Mwingine yeyote asimpe kitu." Unajua Krismasi ya kwetu ilivyo: nyumba imejaa, wajomba wametoka Dar na biskuti, watoto wakubwa wana karanga mifukoni, na mtoto wa umri huo anaokota kila kilichoanguka chini ya kochi. Hatari ni kubwa hata bila mzoeshaji. Bibi akisimama mlangoni na kusema huyu hapewi kitu, nani atabisha? Wewe ukisema, utaitwa mama wa mjini. Chakula chenyewe hakina shida, mtori na machalari vinamtosha, na kiburu cha ndizi na maharage akisharudishiwa maharage. Sufuria na mwiko tu viwe vimeoshwa.

Akikubali mbele yenu wote wawili, nendeni. Akicheka au akinyamaza, msilale huko. Kibosho si mbali, mnapanda asubuhi, mnakula, jioni mnashuka na mtoto. Mume akitaka kubaki wiki mbili abaki. Sioni kwa nini uombe radhi kwa hilo, na sidhani ndoa inavunjika kwa mtoto kulala kwao Pasua.

Nije kwenye uzito, maana hapa ndipo ninapokugombeza kidogo. Mtoto wa miezi kumi na tisa hakui kwa wali, ndizi na chai ya rangi. Hiyo chai hata madini ya chuma inamzuia kuyapata, iache leo. Kila alichokula zamani bila shida akirudie: maziwa, samaki, yai lililoiva vizuri. Kama roho inasita, anza kimoja kimoja, asubuhi ili uwe na mchana mzima wa kumwangalia. Maharage ni jamii ya karanga kweli, lakini watoto wengi wenye mzio wa karanga wanayala vizuri, na kama alishayala bila tatizo hana sababu ya kuyakosa. Ngano vivyo hivyo, kama alishakula mkate au chapati. Soya iache mpaka daktari aseme, maana ilikuwa kwenye ule uji. Korosho na ufuta, kama hajawahi kula, navyo visubiri.

Mafuta aliyokuwa ayapate kwenye karanga atayapata kwenye parachichi, na Moshi tukikosa parachichi basi tena. Ponda nusu kwenye mtori wenye nyama iliyochambuka. Dagaa waliotwangwa wanaingia kwenye uji au ndizi bila yeye kujua. Uji upike kwa maziwa.

Unga wa huo uji ndio wenye mtego ambao wengi hawaufikirii, yaani mashine ya kusaga. Mteja aliyekutangulia kasaga lishe yenye karanga, wewe unamimina ulezi wako mtupu, na kilo ya kwanza inatoka na masalia yake. Karanga zina mafuta, zinagandia ndani. Tafuta mashine isiyosaga lishe kabisa. Ukiikosa, twanga nyumbani kwa kinu, au saga kwa blenda isiyoguswa na karanga. Kumwomba mwenye mashine apitishe kwanza mahindi yako kidogo ukawape kuku inapunguza masalia, ila kwa mtoto aliyefikia kukohoa nisingeitegemea. Na unga wa lishe wa kununua, hata muuzaji akiapa huu hauna karanga, achana nao. Anapima aina zote kwa kopo lilelile.

Kwa kuwa uzito umeshuka, kuna jambo ulitangulize kliniki kabla hawajakupa chochote. Ile lishe dawa ya pakiti wanayopewa watoto wenye utapiamlo, kama Plumpy'Nut, imetengenezwa kwa karanga. Muuguzi mwenye foleni ndefu anaweza kukukabidhi kwa nia njema kabisa. Mwombe aandike kwenye kadi, juu, kwa herufi kubwa: MZIO WA KARANGA.

Harufu haimdhuru, kinachodhuru ni karanga kuingia mdomoni. Ila mnaishi na mtoto anayelamba kila kitu, kwa hiyo ningeziondoa ndani ya nyumba, mchicha upikwe kwa nazi. Anayekula karanga nje aoshe mikono kwa sabuni na maji kabla ya kumbeba, vitakasa mikono haviondoi ile protini. Na asimbusu mdomoni, baba yake akiwa wa kwanza.

Kunyonya endelea. Kama ulikuwa unakula karanga na ananyonya bila kudhurika, hukuwa na haja ya kujinyima. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Sasa kwa kuwa nyumbani hazitakuwepo, swali limejimaliza.

Vipimo vipo, vya kuchoma ngozi kidogo na vya damu. Kipimo peke yake hakitoshi, kuna watu kinawaonyesha wana mzio na karanga wanakula kila siku. Daktari atakisoma pamoja na hayo uliyonieleza, kwa hiyo mpelekee yote, pamoja na orodha ya vilivyokuwemo kwenye unga wa Mbuyuni. Omba rufaa ya kumwona daktari wa watoto KCMC. Hapo hapo kuna idara ya ngozi yenye kituo cha mafunzo cha kanda, wamwone na huo ukavu na muwasho wa mikunjo, ndiyo pumu ya ngozi. Ngozi iliyopasuka na mzio wa chakula vinafuatana sana, na kuitunza kutampunguzia mateso hata kama karanga zitabaki haramu kwake. Takribani mtoto mmoja kati ya watano huacha mzio huu akikua. Hilo nalo hugunduliwa hospitali, baada ya miaka, kwa kumlisha mbele ya daktari.

Ukipewa tarehe ya kipimo cha ngozi, uliza uache Piriton au dawa nyingine za muwasho siku ngapi kabla. Zikiwa bado mwilini ngozi haijibu, na mtarudishwa nyumbani na tarehe nyingine.